Kabla hujapiga rangi rimu ya spoti, jua kwanza inaumwa nini

Angalia gari ndogo yoyote iliyopaki mjini Mwanza, pale Kenyatta Road au ukisogea kuelekea Makoroboi, rimu za kushoto karibu kila mara ndo zimechubuka kuliko za kulia. Sababu iko wazi, tunaendesha kushoto na kingo za zege ziko kushoto, ukijisogeza pembeni kumshusha mtu unasikia krrr, tayari mdomo wa rimu umeshaliwa. Mwenye gari roho inamuuma, anapeleka kwa fundi, fundi anaitupia jicho mara moja anasema bosi hizi tunapiga rangi zinarudi mpya, pitia jioni. Na kweli jioni zinawaka. Zinakaa miezi michache alafu rangi inaanza kubanduka kama magamba ya sangara, au rangi iko vizuri tu lakini tairi inashuka upepo kila baada ya siku kadhaa, au ukishika spidi steringi inatetemeka, na hapo ndo mtu anaanza kusema mafundi wa huku wezi.

Wengine wezi kweli, sibishi. Ila mara nyingi kilichotokea ni kwamba rimu ilikuwa na tatizo moja ikatibiwa lingine. Rimu ya spoti inaharibika kwa namna tatu: ngozi yake inaharibika, yani rangi na ile klia ya juu (mpako wa mwisho usio na rangi unaong'arisha na kukinga), au umbo linaharibika, imepinda, au mwili wenyewe umeumia, ina ufa. Rangi inatibu ngozi tu. Hayo mengine mawili rangi haiyatibu, inayafunika, na ufa uliofunikwa na rangi mpya ni hatari kuliko ufa unaouona kwa macho.

Tuanze na kujua una rimu gani. Chukua sumaku hata ile ya spika mbovu, igusishe kwenye rimu. Ikinasa hiyo ni chuma, ile ambayo wengi wanaifunika na wilikapu ya plastiki, na habari zake ni nyepesi, ikipinda inagongwa inarudi, ikipata kutu unakwangua unapaka rangi unaendelea na maisha. Isiponasa ni aluminiamu, ndo hizi tunaziita za spoti, na nyingi ya hizi zinazokuja na IST, Premio, Harrier na ndugu zake zimemiminwa kwenye kalibu kwa mchanganyiko wa aluminiamu na silikoni kama asilimia 7 hivi na magineziamu kidogo sana. Sasa hiyo silikoni ndo inafanya uji wa aluminiamu utiririke vizuri kwenye kalibu mpaka zile spoku nyembamba zijae, ila ndo hiyo hiyo inafanya aluminiamu iwe ngumu bila kuwa na uvumilivu mwingi wa kupinda. Rimu ya chuma ikipigwa na shimo inakunjika, ya aluminiamu inakunjika kidogo tu alafu inapasuka.

Kingine ambacho hakionekani kwa macho ni kwamba nyingi zinapikwa kiwandani baada ya kumiminwa. Zinapashwa moto mpaka nyuzi 540 hivi kwa masaa, zinatumbukizwa kwenye maji, alafu zinapashwa tena taratibu kwenye nyuzi 150 na kitu, na ni huo upishi unaozipa nguvu. Likumbuke hili, tutalirudia tukifika kwa jamaa wa mtungi wa gesi.

Ngozi sasa. Kama umeona chini ya klia kuna vimistari vyeupe vinatambaa kama minyoo, vimeanzia pale jiwe lilipogonga au kwenye ukingo wa spoku, hiyo ni kutu ya aluminiamu. Haiwi nyekundu kama ya chuma, inakuwa unga mweupe, na inatembea kati ya rangi na aluminiamu yenyewe ikijisukumia mbele. Inachohitaji ni kidonda kidogo cha kuingilia, unyevu hewani na chumvi kidogo. Watu wa huku wanasingizia ziwa. Ziwa Victoria maji yake ni baridi, hayana chumvi ya bahari, kinachotoka ziwani ni unyevu tu. Ukitaka kujua chumvi imetoka wapi angalia gari imetoka wapi, magari yetu mengi ni mitumba ya Japani na kule mikoa ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, alafu gari ikapanda meli wiki kadhaa baharini ikashukia Dar. Kwa hiyo rimu nyingi zinafika Mwanza na ugonjwa tayari ndani, mvua zetu za kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Mei zinaendeleza tu. Na ndo maana ukipiga rangi mpya juu ya hiyo minyoo bila kuing'oa yote inaendelea kutambaa chini ya rangi yako ya bei, haijali umenunua kopo la shilingi ngapi.

Kabla ya msasa lakini, tafuta ufa. Huku kwetu hili ni muhimu kuliko wenzetu wa sehemu tambarare, mtu anakaa Isamilo au Bugarika au kule juu Mabatini, kila siku anapanda na kushuka milima ya mawe, tairi zinapigwa na kingo za mawe kutoka pande zote. Na pigo la shimo mara nyingi halionekani nje, linapiga mdomo wa ndani, ule unaoangalia chini ya gari, kwa sababu upande ule uko mbali na spoku hauna wa kuushikilia. Mtu anakagua uso wa rimu anaona mzima, kumbe nyuma kuna ufa wa kidole kizima.

Viwandani wana dawa maalum ya rangi nyekundu ya kupulizia na unga mweupe wa kuivuta. Ukiipata itumie. Usipoipata kuna njia ya kizamani sana, mafundi wa reli waliitumia miaka mingi kabla ya hizo dawa, na vifaa vyake vipo duka lolote la Buhongwa: mafuta ya taa na chaki. Rimu itolewe tairi, ioshwe mpaka iwe safi kabisa isiwe na grisi, ikauke. Paka mafuta ya taa sehemu unayoishuku, mdomo wa ndani wote kuzunguka na migongo ya spoku pale zinapoungana na kitovu, acha kama nusu saa yaingie. Alafu futa, na ufute kweli, mpaka kitambaa kikipita hakitoki na kitu. Saga chaki nyeupe, koroga na spiriti kidogo upake juu yake iwe kama chokaa nyepesi, subiri ikauke. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda taratibu kwenye chaki, utaona mstari mweusi mwembamba umejichora wenyewe. Kama hakuna ufa chaki inabaki nyeupe. Sio kipimo cha maabara, ufa mdogo sana unaweza ukakikwepa, ila zile nyufa ambazo fundi angezipaka puti na kuzizika zinajitokeza hapo hapo.

Ukikuta ufa kwenye spoku au karibu na matundu ya nati, hiyo rimu imekwisha, iuze chakavu. Ufa mdogo kwenye mdomo wa ndani kuna wanaochomelea kwa gesi ya agoni na unashika upepo, na mtu atakuambia yangu ina mwaka wa tatu haijawahi kusumbua. Msimamo wangu ni kwamba mimi simwekei mtu mbele hiyo rimu. Pale kwenye mchomo ule upishi wa kiwandani umeshafutika, aluminiamu ya pembeni yake imelegea, na rimu ya mbele ikiachia uko spidi huna muda hata wa kupiga kelele. Kama hela hakuna kabisa basi iwe ya spea, ya kukutoa porini mpaka kwa fundi.

Kupinda kunajitambulisha wenyewe. Ukiingia lami nzuri, tuseme unaelekea daraja la Kigongo–Busisi, ikifika 80 hivi steringi inaanza kutetemeka, ukiongeza zaidi inatulia au inazidi. Ikiwa ya nyuma ndo imepinda unasikia kwenye kiti zaidi kuliko mikononi. Huhitaji mashine kujua, piga jeki, weka tofali pembeni na peni juu yake, ncha ikaribie mdomo wa rimu bila kugusa, zungusha tairi kwa mkono uangalie nafasi inavyobana na kuachia. Ikicheza milimita moja hivi vumilia, ikicheza milimita mbili tatu hapo ndo kuna kazi, na kagua nje na ndani kwa sababu zinapinda tofauti.

Kazi yenyewe inafanywa kwa presi, rimu imefungwa, inasukumwa pole pole na joto dogo la kusaidia. Ila tunaowajua wengi wana nyundo na mtungi wa gesi. Ubaya wa gesi ni kwamba aluminiamu haikuonyeshi joto. Chuma ikipata moto inakuwa nyekundu, unajua imefika. Aluminiamu inabaki na rangi yake ile ile ya kijivu mpaka inakaribia kuyeyuka, fundi anaendelea kupuliza moto anaona haijapata kumbe imeshapita zamani, na ule ugumu tuliosema umepikwa kiwandani unaondoka wote. Rimu inanyooka vizuri sana, inakuwa laini kama sufuria, na shimo linalofuata inapinda tena pale pale. Wahunzi wa aluminiamu wana ujanja wao: wakitaka kuilainisha makusudi wanapaka sabuni ya mche juu, sabuni ikibadilika kuwa kahawia nyeusi wanajua imelainika. Sasa wewe uutumie kinyume, mchoree fundi sabuni kwenye rimu umwambie hii ikibadilika rangi sikulipi. Atanuna kidogo.

Haya, rimu imenyooka, haina ufa, ndo tuje kwenye rangi, ambayo watu wanadhani ndo kazi yenyewe.

Tairi itoke. Ile ya kubandika masking tepu kuzunguka tairi na kupuliza hapo hapo gari ikiwa kwenye jeki inaacha ukingo wa rangi unaoishia kwenye mdomo wa rimu, na mdomo ndo sehemu inayoguswa na maji, mawe na mashine ya tairi, kwa hiyo umeipa kutu mlango wa kuingilia siku ya kwanza. Vile vyuma vidogo vya balansi navyo vitoke. Osha na sabuni, toa lami iliyoganda kwa mafuta ya taa, osha tena, futa na thina, na baada ya hapo vidole vyako vikae mbali maana jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuifanya rangi isishike.

Kung'oa rangi ya zamani kuna anayetumia dawa ya kubandulia, kuna anayekwangua kwa mkono. Kitu kimoja usikubali kabisa ni kostiki, ile wanayotumia watengeneza sabuni. Kuna fundi wa mageti atakuambia anatumbukiza geti linatoka jeupe, sawa, geti ni chuma. Aluminiamu ikikutana na kostiki inaliwa, inachemka povu na inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto, utatoa rimu imejaa vishimo na pengine na wewe umeungua.

Msasa unaanza na mkali pale kwenye kidonda tu, namba 80 au 120, mpaka unga mweupe wote utoke ubaki na aluminiamu safi inayong'aa, na usiishie pale macho yanapoona mwisho wa kutu, endelea kidogo mbele kwa sababu imeshatangulia chini ya rangi. Kisha 240, kisha 400 na maji kuondoa mikwaruzo ya ule wa kwanza. Ukingo kati ya rangi ya zamani na aluminiamu tupu uwe mteremko ambao kucha haiushiki. Mchubuko wa zege ambao umeacha vijishimo unajazwa puti, nzuri ni ile yenye unga wa aluminiamu ndani, nyembamba, isizidi milimita moja mbili. Kama mdomo umekatika kipande usijengewe kwa puti, ile ni urembo haina nguvu yoyote.

Hapa sasa ndo siri ya kubanduka ilipo. Aluminiamu ukishaikwangua, hewa inaigusa na inajifunika tena ngozi nyembamba ya oksaidi saa hiyo hiyo, huioni lakini ipo, na rangi ya kawaida ikipakwa juu yake haina cha kushikilia. Ndo maana kuna praima zake, yani rangi ya kwanza ya chini, ya asidi ambayo inauma aluminiamu kidogo na kushika, au ya epoksi. Mafundi wengi wana ile praima ya kijivu ya bodi ya gari wanapaka hiyo hiyo kila mahali, kwenye bati inafanya kazi, kwenye aluminiamu tupu ndo magamba. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi sio bei, muulize fundi unatumia praima gani kwenye aluminiamu tupu, akishangaa swali nenda kwa mwingine. Na akitumia ya asidi asiweke puti juu yake, havipatani, puti inatangulia au atumie epoksi.

Rangi yenyewe ni fupi, silva au nyeusi au kijivu, mipako miwili mitatu myepesi badala ya mmoja mzito unaotiririka. Klia ndo ya kutolea hela, ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuikaza. Ya kopo la kupuliza isiyo na hadina inang'aa vizuri ila petroli au mafuta ya breki yakidondokea inalainika. Tatizo la ile ya hadina ni mapafu, ina kemikali zinazoitwa isosayaneti ambazo zinaweza kumletea mpuliziaji pumu ya kudumu, na ile barakoa ya kitambaa tuliyovaa kipindi cha korona haizuii kitu, inatakiwa yenye vichujio vya kemikali. Vijana wengi pale Nyakato wanapuliza kifua wazi na leso puani, inasikitisha, na hakuna anayewaambia.

Na chagua saa. Mvua ikiwa imetoka kunyesha na hewa nzito, thina inakauka haraka inapooza uso wa rangi, unyevu unaganda juu yake na klia inatoka na ukungu mweupe. Mchana wa jua la wastani ndo mzuri. Wa Kirumba, Igombe na wote mnaokaa karibu na maji mnajua kuna siku vile vidudu vya ziwani vinapanda kama wingu la moshi, jioni vinafuata taa, sasa wewe umetundika rimu mbichi chini ya balbu. Asubuhi una rimu yenye manyoya.

Kuna sehemu mbili ambazo hazitakiwi kupata rangi nene kabisa na karibu kila rimu iliyopigwa rangi mtaani imepakwa. Ya kwanza ni uso wa nyuma unaokaa kwenye habu, pale rimu inapofungwa kwenye gari, pamoja na zile koni ambazo nati zinakaa. Ukikaza nati juu ya rangi unakuwa umekaza rangi, ikisagika na joto la breki nati inabaki imelegea bila wewe kuigusa, na tairi kuchomoka barabarani mara nyingine kunaanzia hapo. Hizo sehemu zizibwe kabla ya kupuliza. Ya pili ni pale tairi inapokaa ndani ya mdomo. Pale kukiwa na kutu upepo unapita pole pole, ukimpelekea fundi pancha anatafuta msumari hauoni, anakushauri uweke tyubu. Pakaa povu la sabuni kuzunguka mdomo utaona mapovu madogo yanajipanga. Dawa yake ni kusugua mpaka pawe laini na praima nyembamba tu, tyubu haihitajiki.

Rangi ya unga ile inayookwa kwenye oveni ni imara kuliko ya kupuliza, inakauka kwenye nyuzi 180 mpaka 200. Ukiangalia, hilo joto limeuzidi ule upishi wa mwisho wa kiwandani, kwa hiyo mara moja kwa dakika 15 au 20 ni sawa, kuoka na kuoka tena kila ukibadili mawazo ya rangi sio sawa.

Zile rimu zenye uso wa aluminiamu inayong'aa kwa mistari midogo sana, na katikati ya spoku rangi nyeusi, zimekerezwa kwenye mashine. Kuzirudisha vile ni kukereza tena, kila ukikereza unapunguza unene, mara moja au mbili basi. Bila mashine hiyo kubali kuzipiga silva, zinapendeza tu. Kromu achana nayo, ikianza kubanduka inakata kama wembe, na kuikwangua vumbi lake sio la kuvuta.

Kuna wakati hesabu inakataa yote haya, rimu moja imepinda na ina ufa, unatafuta ya mtumba inayofanana. Geuza nyuma usome: saizi kama 15x5.5J, matundu kama 4x100 (manne, kwenye duara la milimita 100), na alama ya JWL ambayo ni ya viwango vya Japani. Matundu yakifanana haimaanishi itaingia vizuri, angalia na kina chake, ikizidi kutoka nje itasugua bodi ukipakia watu watano na magunia ya mchele wa Sengerema. Na uifanyie chaki pia, hujui aliyeitupa aliitupa kwa nini.

Kurudisha, subiri klia ikae angalau siku nzima kabla ya mashine ya tairi kuigusa, na kukomaa kabisa inachukua kama wiki. Weka nozeli mpya ya kujazia upepo, ile ya mpira ni hela ndogo. Balansi upya, na vyuma vya balansi viwe vya kubandika kwa ndani sio vya kugonga kwenye mdomo uliotoka kuupaka. Nati zikazwe kwa kuruka, ya juu kisha ya chini, na mkono sio ile mashine ya upepo inayopiga trrr mpaka kijana aridhike. Toyota ndogo nyingi zinataka nyutonimita 103, mwenye tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, atakupa hiyo. Alafu ukienda kilomita 50 mpaka 100, tuseme umetoka mjini umefika Magu, simama ukaze tena, nati na koni zitakuwa zimeshajikalia.